Kadi Niliyomnyima Shemeji

Tangu ngumi ziruhusiwe tena visiwani kwetu, taabu ya Pemba si mabondia, ni majaji. Ukimtaka jaji asiye ndugu wa mtu, labda umpandishe boti kutoka Bara. Mimi ni mwalimu wa michezo tu, mwenye kozi ya siku chache ya kuhesabu pointi. Siku ile ya pambano, uwanjani Gombani, jaji mmoja alikosa boti, nikakalishwa kwenye kiti chake. Bondia wa kona nyekundu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nilisema mapema. Msimamizi akacheka, akaniambia jaji mwingine ni binamu wa kona ya bluu, kwa hiyo mambo sawa.

Walipigana raundi tatu. Jaji mmoja akampa shemeji, mwingine akampa yule wa kona ya bluu, kijana wa Kiuyu. Kadi yangu ndiyo iliyokata shauri: Kiuyu, kwa pointi moja.

Kutoka hapo roho haikutulia. Kuitwa mwonevu nimezoea, mimi mwalimu. Nililoogopa ni kwamba huenda ni kweli. Je, nilimwona kapigwa, au nilimnyima ili watu wasiseme nimembeba shemeji?

Kesho yake baada ya alasiri nikaenda Wawi kwa wakwe, liwalo na liwe. Nyumba nzima walikuwa jamvini wakichambua karafuu. Shemeji kaegemea ukuta, vifungo vya shati kavifunga hadi shingoni na joto lote lile. Nikaketi, nikaanza kuchambua na mimi. Mkwe wangu, bingwa wa zamani wa mchezo wa ng'ombe, ule wa kumkwepa fahali uwanjani, hakungoja.

"Mwalimu, hebu nifahamishe. Mie n'mecheza ng'ombe miaka na miaka. Ng'ombe akikugusa, umeshindwa. Asipokugusa, watu wakutunza zawadi. Huyu mwanangu kakwepa weee, mpaka basi. Kaguswa wapi?"

Nikamweleza kwa adabu kwamba kwenye ngumi mtu hapati pointi kwa kukwepa, huzipata kwa kupiga.

"Ala! Sasa zawadi apewe ng'ombe?"

Jamvi zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, maana hoja yake ilikuwa tamu kuliko kanuni zangu. Mzee akapata moto. Akainuka, akakaza kikoi, akamkwepa ng'ombe asiyekuwepo, kushoto, kulia, mpaka akazivuruga karafuu tulizokwisha kuchambua.

"Kaa kitako, mume wangu," mama mkwe akamwambia. "Ukivunjika kiuno, hapa hakuna wa kukupa pointi."

"Ntu hana hata alama mwilini!" mzee akasema, na kwa fahari akampiga mwanawe kofi la ubavuni.

Shemeji akapiga ukelele, kuku wakatawanyika uani. Mama yake akamfungua shati. Mbavu za kushoto zilikuwa zimevimba, zimeiva rangi ya zambarau kutoka kwapani hadi kiunoni. Mzee akakaa taratibu.

"Yauma?"

"Yauma, baba."

"Na weye wanyamaza tu?"

"Nalikuona wafurahi."

Mzee akamsogelea. Akaagiza mafuta ya karafuu, akaanza kumchua mwenyewe, polepole, kwa mikono ile iliyowahi kushika pembe za ng'ombe. Niliona haya kufurahi mbele ya maumivu ya mtu, lakini nilifurahi. Nikauliza ili nisikie kwa masikio yangu:

"Kwa hiyo sikukuonea?"

"Raundi mbili za mwisho kanitia adabu," shemeji akasema. "Ile ya kwanza ulimpa nani?"

"Nilikupa wewe," nikajibu, kifua mbele. "Ngumi tatu za kushoto, safi, niliziona kwa macho yangu."

Akaanza kucheka, akazishika mbavu, akacheka tena huku machozi yakimtoka.

"Shemeji, zote tatu zalipiga glavu zake. Hata moja haikufika."

Nikainamia karafuu, nikaendelea kuchambua. Mzee akaacha kuchua, akanitazama, uso wake wote ukafunguka.

"Kumbe watupenda, mwalimu!" akasema.