Sulhu ya Ng'ambo

Hasina Suleiman alikula ujana wake mapokezini, katika hoteli moja ya Diani, akajifunza Kiingereza cha watalii wenye furaha na cha watalii wenye hasira. Korona ilipoifunga hoteli, alirudi kwao upande wa Shimoni, na haukupita muda akawa mkalimani. Wageni wa miradi wakija na utandawazi wao, na uendelevu, na soko la kaboni, ni yeye aliyesimama kati yao na watu. Neno asilolijua alilitafuta. Akilikosa, alilieleza kwa mfano wa mtu na mbuzi wake. Watu walimwamini kama wanavyomwamini mkunga.

Siku ya mkataba wa mwani aliamka alfajiri. Mwenyekiti wa kina mama wanaolima mwani alikuwa mamake mdogo, Mwanapili, aliyemlea tangu alipofiwa na mama. Ghala la kikundi lilikuwa limejaa magunia hadi mlangoni. Mnunuzi wao wa siku zote alikuwa amejitoa. Bei ya dunia imeanguka, alisema, huko Asia wamevuna kupita kiasi. Sasa kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa tayari kuyachukua magunia yote, na mavuno ya miaka ya mbele pia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo utusemee vizuri. Usije ukawatisha watu. Hatuna mnunuzi mwingine."

"Nitasema yaliyoandikwa, mama."

Mwanapili akajitanda leso, akatangulia.

Walikusanyika kwenye banda la kuanikia. Mnunuzi, Mzungu mpole mwenye uso uliobabuliwa na jua, aliketi kando ya wakala wake, Cynthia, aliyetoka Nairobi. Cynthia alisoma mkataba kwa Kiingereza, kifungu baada ya kifungu, maana Kiswahili chake, alisema mwenyewe, kingewachanganya wenyeji. Hasina akawa anatafsiri. Ubora wa mwani, sawa. Ushuru wa bandarini, sawa. Watu wakaitikia kwa vichwa.

"Kukitokea mgogoro," alitafsiri, "pande mbili zitaumaliza kwa usuluhishi."

Banda likachangamka. Sulhu! Nani asiyeijua? Mnakalishwa chini, kila mmoja anatoa lake la moyoni, mtu wa haki anawapatanisha, mnaondoka mmeshikana mikono. Mama mmoja akapiga kigelegele. Cynthia akafunua ukurasa mwingine upesi. "Vifungu vinavyofuata ni vya mawakili," alisema, akakisogeza kidau cha wino wa kutia vidole.

Hasina alikitazama kidau. Neno alilolitoa halikuwa na kosa, kamusi yoyote ingemtetea. Lakini mkataba alikuwa ameusoma mapema, na alijua vile vya mawakili vinasema nini.

Kache, mkulima aliyekaa mbele, akainua mkono. "Hiyo sulhu tutakalishwa wapi? Kwa chifu ama kwa kadhi? Mimi si Mwislamu, nataka kujua mapema."

Watu wakacheka. Hasina akalipeleka swali kwa Kiingereza. Cynthia akatabasamu, akamjibu kwa Kiswahili, taratibu: "Mwambie ni utaratibu wa kimataifa. Tuendelee, dada."

Macho ya Mwanapili yalikuwa yamemganda Hasina usoni, na hayakupepesa. Nyuma yake ghala lilionekana, mlango wake haufungiki kwa magunia. Hasina akawageukia watu.

"Mniwie radhi," alisema. "Neno nililowapa ni sahihi, lakini limewadanganya. Sulhu hii si ile yetu. Itakaliwa Ulaya, kwa Kiingereza, mbele ya watu wa kulipwa. Watakaloamua halina rufaa, na mahakama ya Kwale haitaruhusiwa kulisikiliza. Sasa mnajua."

Kila mtu akasema kwa wakati mmoja.

"Hasina!" Mwanapili alisimama. "Umeitwa kutafsiri, hukuitwa kuhutubu!"

Mzungu aliuliza kunani. Hasina akamweleza yote aliyoyasema, bila kupunguza. Yule mtu akasema hana mamlaka ya kubadili hata nukta. Itabidi awaulize wakubwa wake. Cynthia akakusanya karatasi. Gari likaondoka, na hakuna kidole kilichoguswa na wino.

Mvua zikaja mapema. Magunia yakaanza kutoa jasho, na harufu ya uvundo ikasambaa hadi kwenye nyumba. Wengine walimwaga mwani wao kwa uchungu. Hasina akipita, salamu zilijibiwa nusu; kwa mamake mdogo hazikujibiwa kabisa. Wakati mwingine alijiuliza kama haki aliyoisema ilikuwa ya kuliwa. Kache peke yake alikuja kuketi naye, akimenya maembe mabichi, wala mkataba hakuutaja.

Kampuni ilijibu mwezi uliofuata. Kesi zingesikilizwa Mombasa, mkalimani akiwapo, na mkataba ungekuwa wa msimu mmoja kwanza. Ila magunia yaliyoharibika hawakuyataka, na hiyo ilikuwa karibu nusu ya ghala. Kina mama wakabishana hadi sauti zikawakauka. Wengine walisema ni ushindi, wengine wakasema ushindi haunuki hivi.

Jioni kabla ya kutia vidole, Mwanapili alibisha mlangoni kwa Hasina akiwa na mkataba mpya, safari hii kwa Kiswahili, kwapani. Hakuomba radhi, wala hakuombwa. Alivua ndara, akaketi mkekani, akaziweka karatasi chini baina yao.

"Kesho nitakuwa wa kwanza kutia kidole, na sitaki kushangilia nisichokijua," alisema. "Hapa wameandika 'nguvu zisizozuilika'. Kwetu nguvu hizo ni za Mwenyezi Mungu. Kwao ni za nani?"

Hasina akaisogeza taa karibu, akaanza kumweleza.