Bandeji za Papa Ramazani

Mwanangu, ile picha uliyonionyesha jana kwenye simu yako, ya bingwa wa zamani wa Amerika aliyelala chali ulingoni huku mkono umemkinga macho na jua, naijua tangu kabla hujazaliwa. Uliniuliza kwa nini watu wanatunza picha ya mtu aliyeshindwa. Nikakuambia nitakujibu nikimaliza chai yangu, kisha nikasinzia. Uzee una ruhusa zake. Leo nakujibu, kaa vizuri.

Nakumbuka Jumamosi moja nilipoing'oa picha hiyohiyo ukutani, katika klabu yetu ya ngumi pale mtaa wa Birere, na nusura niitupe nje.

Klabu ilikuwa nyuma ya gereji, chumba cha mbao chenye paa la mabati. Mwenyewe alikuwa Papa Ramazani, dereva wa zamani wa malori, mtu mwenye asili ya Maniema. Lori lilimpindukia njiani, nyonga ikavunjika, na tangu hapo alitembea kwa fimbo. Alitufundisha ngumi akiwa amekaa kwenye kiti alichokitoa ndani ya lori lilelile. Alisema kiti kile kilimvunja, basi na kimbebe mpaka afe. Huyo ndiye aliyebandika ile picha, aliyoikata kutoka gazeti la Kifaransa, mahali ambapo klabu nyingine zote huweka picha ya mtu aliyeinua mikono.

Kulikuwa na desturi moja pale ambayo sijaiona kwingine. Kabla ya kuvaa glavu, rafiki yako hakuruhusiwa kukufunga bandeji. Mpinzani wako ndiye aliyekufunga mikono, na wewe ukamfunga yake. Usidhani ulikuwa utakatifu, ilianza kwa kutoaminiana tu. Zamani bondia mmoja alificha kipande cha chuma ndani ya bandeji akamvunja mwenzake taya, ndipo Papa Ramazani akaamua kila mtu afungwe na yule atakayepigwa na mikono hiyo. Bandeji zenyewe mkewe alizikata kutoka vitenge vyake vilivyochakaa, vya njano, vyenye ndege wadogo. Wanaume wazima tulipanda ulingoni na ndege wa njano mikononi, na hakuna aliyethubutu kucheka, kwa sababu mama yule alikuwa mkali kuliko sisi sote.

Miaka hiyo waasi walikuwa wameshika mji. Sitakueleza majina ya makundi yao, yalibadilika kila mara, na sisi tulichojua ni kutoka mapema na kurudi mapema. Basi komanda mmoja alikuwa anapenda ngumi. Kati ya walinzi wake alikuwa na kijana anayeitwa Safari, ambaye hakuna aliyewahi kumwangusha. Komanda akatuma neno kwamba Jumapili, katika uwanja wa mpira, Safari apigane na aliye bora Birere. Aliye bora Birere, bila kujisifu sana, nilikuwa mimi.

Wiki ile kila mtu aligeuka kuwa kocha wangu. Muuza makaa wa jirani alinishauri nilale chini raundi ya pili, yaishe, kwa sababu komanda akiaibika anaweza kuifunga klabu au kunibeba mimi mwenyewe. Vijana wenzangu walitaka nimvunje yule askari ili mji mzima upumue. Mimi nilikuwa upande wa vijana. Nilikuwa na ngumi ya kulia iliyokuwa inasifiwa hadi mji wa Kiwanja, na nilitaka sana, nasema kweli, kumwona mtu wao mmoja kwenye vumbi.

Ndipo Jumamosi nikaingia klabu, nikaiona ile picha, nikahisi yule Mwamerika ananifundisha kulala. Nikaing'oa. Papa Ramazani alikuwa kwenye kiti chake na sikumwona.

"Bahati, bandika ile picha."

"Papa, huyu mutu alilala. Na batu wananiambia miye pia nilale. Sitaki kumuona."

"Nimesema bandika. Kisha ukae chini. Unajua nini juu yake?"

Sikujua lolote. Nilibandika, nikakaa, na nikasikia habari ambayo nimeishi nayo mpaka leo.

Alinisimulia kwamba yule bwana alikuwa mtoto wa watu waliozaliwa utumwani, katika mji wa bandari, na ujana wake ulipita akibeba mizigo gatini. Alipigana na kila aliyekubali kupigana naye. Lakini mkanda wa uzito wa juu kabisa ulikuwa wa Wazungu peke yao, na wenye mkanda walikataa hata kusimama naye ulingo mmoja. Akamfuata mwenye mkanda ng'ambo ya bahari, nchi kwa nchi, mpaka huko Australia ambako hatimaye walikubali, na akamshinda. Mtu mweusi wa kwanza. Wakubwa wa kwao hawakulala usingizi. Wakaenda kumtoa shambani bingwa wa zamani aliyekwisha kustaafu, aje kuurudisha mkanda, na huyo naye akapigwa.

"Ile siku alishinda," Papa Ramazani akasema, "batu weusi walipigwa mu barabara za miji mingi. Wengine walikufa. Sababu ya mutu mumoja kushinda."

Nikauliza kama basi ilikuwa makosa kushinda.

"Hapana. Makosa ilikuwa ya wenye kupiga. Usichanganye. Lakini sikiliza mwisho."

Mwisho ni kwamba serikali ya kwao ilimtafutia kesi, akatoroka, akakaa miaka ugenini. Mkanda akaja kuupoteza Kuba, juani, baada ya raundi nyingi sana ambazo siku hizi hakuna anayeruhusiwa kupigana. Hapo ndipo ilipopigwa picha ile. Wapo wanaosema alilala makusudi ili aruhusiwe kurudi nyumbani, na hata yeye mwenyewe baadaye alidai hivyo. Wengine wanasema alichoka tu. Aliporudi kwao, jela ilikuwa bado inamngoja.

"Papa, weye unaamini nini?"

"Sijui. Na sikuibandika sababu ya ile." Akanyoosha fimbo mpaka kwenye mkono ule uliokinga macho. "Nilibandika sababu ya mikono yake. Mikono ya huyu mutu haikujulikana kwa kupiga tu. Alikuwa anadaka ngumi ya mwenzake hewani na kiganja. Na kama hakutaka mwenzake aanguke, alikuwa anamushikilia, anamusimamisha, mpaka yeye mwenyewe aamue. Unaona? Kumwangusha mutu, hata miye na hii nyonga naweza. Kumushikilia, ni kazi ya bingwa."

Nikamwambia sasa anaongea kama muuza makaa. Hakukasirika, ila sauti yake ilibadilika, na karipio lile bado liko masikioni mwangu.

"Bahati, mwenye kukuambia ulale, hatapanda mu ring. Mwenye kukuambia uvunje, hatapanda. Ni weye utapanda, na yule mutoto. Kesho utamufunga mikono. Angalia ile mikono vizuri kabla ya kusikiliza mutu yeyote, hata miye."

Jumapili uwanja ulijaa. Komanda alikaa kwenye kiti chake mbele, na askari wake nyuma. Mimi na Safari tukaketi uso kwa uso kwenye viti vidogo, nikaanza kumzungushia kitenge cha mama yule. Nilitarajia mikono ya jitu. Mwanangu, ilikuwa ya moto. Malaria ilikuwa imemshika barabara, na usoni alikuwa kijana wa umri wangu tu. Nikamuuliza polepole kwa nini hakusema anaumwa.

"Nilisema," akajibu bila kuinua macho. "Alinijibu nikianguka leo, kesho ananituma ku fronti ya vita. Mwenye anatumwa kule, hatumuonake tena."

Nikamaliza mkono wa kulia, nikaushika wa kushoto. Naye akanifunga yangu, vizuri kabisa, bila kukaza kwa hila. Nilimtazama Papa Ramazani. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu chake, kazi ambayo kwa kawaida aliimaliza haraka sana, na leo hakuinua kichwa, ili niamue mwenyewe.

Raundi ya kwanza nilijiambia maneno ya Safari hayanihusu. Ya pili nikapata nafasi, nikamtia ngumi ya mbavuni, na nikasikia pumzi yote inamtoka. Akayumba. Birere nzima ikasimama. Kilichobaki ni ngumi ya kulia, ile iliyosifiwa hadi Kiwanja, na kidevu chake kilikuwa wazi mbele yangu.

Nikamkumbatia. Niliingiza mikono chini ya kwapa zake nikambeba uzito wake wote, huku nikijifanya tunagombania. Nikamwambia sikioni, "Pumua. Nimekushika. Pumua." Mwamuzi akatutenganisha, nikadaka ngumi zake mbili dhaifu, nikamkumbatia tena. Tulienda hivyo mpaka kengele ya mwisho. Sijawahi kuchoka vile maishani, kwa sababu kumpiga mtu kunachukua muda mfupi, lakini kumsimamisha mgonjwa mzito kuliko wewe ni kama kusukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, iliyojaa viazi mlimani.

Mwamuzi akatangaza sare. Komanda alipiga makofi kidogo akaondoka, Safari akarudi kambini, klabu ikabaki wazi. Mimi nilizomewa kutoka uwanjani mpaka mlangoni kwetu. Kwa miezi vijana waliniita mama mlezi, na msichana mmoja niliyempenda sana akaanza kupita barabara nyingine. Iliniuma, sikufichi. Papa Ramazani hakunisifu hata neno moja. Alinimiminia chai, akasukuma sahani ya mandazi upande wangu, akazungumzia bei ya mabati.

Kisha volkano ikafanya ile kazi unayoisikia kila mara wazee wakikaa pamoja. Ililipuka mimi nikiwa Kiwanja, nimefuata maharagwe na lori la mjomba. Tuliona anga jekundu upande wa nyumbani. Niliporudi, moto wa mawe ulikuwa umepita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu walikuwa wanavuka juu ya mawe yenyewe, bado ya moto chini, soli zinanuka. Nikavuka nami. Nikatafuta Birere. Mahali pa klabu palikuwa jiwe jeusi linalotoa moshi. Nilisimama pale nikilia kwa sauti, kwa sababu nilijua mzee mwenye nyonga iliyovunjika hawezi kukimbia. Mkewe alikuwa ameenda Bukavu kwa binti yao, basi alikuwa peke yake kwenye kiti chake.

Mtu akaniambia wengi wamekimbilia njia ya Sake. Nikafuata barabara hiyo nikiuliza kila familia niliyoikuta, kupita ziwa la Lac Vert, hadi Mugunga. Kando ya barabara pale, katikati ya magodoro na masufuria, niliona rangi ya njano. Nikasogea. Ilikuwa miguu ya mtu imefungwa kitenge cha ndege, vidole vimezungushiwa kimoja kimoja jinsi tunavyofunga mikono kabla ya glavu. Nje ya klabu yetu hapakuwa na mtu duniani aliyefunga hivyo. Pembeni ya ile miguu, juu ya chukudu, alikaa Papa Ramazani na fimbo yake.

Mwenye miguu alikuwa Safari. Hakuwa na bunduki wala sare. Wakubwa wake walipokimbia na magari, yeye alikimbilia klabu, akamkuta mzee anasali, akambeba mgongoni mpaka nje, akampatia chukudu iliyotelekezwa, akaisukuma hadi Mugunga. Viatu vyake viliyeyukia njiani. Papa Ramazani alikuwa ameokoa kitu kimoja tu, mfuko wa bandeji, na zote zilikuwa kwenye miguu ile.

Nilipiga magoti. Mzee akanishika kichwa.

"Picha imeungua," akaniambia.

"Tutatafuta ingine, Papa."

"Haina lazima. Miye nimeshaiona mara mbili. Mara ya kwanza ku uwanja, na ya pili nikiwa mu mugongo ya huyu."

Papa Ramazani aliishi miaka mingi baada ya hapo, akatugombeza sana, Mungu amrehemu. Safari anaendesha pikipiki Kiwanja, ana wajukuu, na kila anapoleta maharagwe anakataa nimlipe nauli, ndipo tunagombana kweli. Nami kila siku ninamshukuru Mungu kwa karipio la Jumamosi ile. Nisingekaripiwa ningempiga, ningebebwa juu mabegani siku moja, na Mugunga ningefika nikitafuta maiti. Nilipewa mwalimu, nikapewa rafiki.

Basi jibu lako ni hili, mwanangu. Picha ile haitunzwi kwa sababu ya kulala kwake. Inatunzwa ili kabla ya kuuliza nani alianguka, uulize alikuwa amebeba nini. Jumapili utapanda ulingoni na yule kijana wa Sake. Piga kwa bidii, ngumi ni kazi na mimi sikukufundisha kukumbatia watu ovyo. Akiwa mzima na umemzidi, mshinde, wala usiombe radhi. Lakini mfunge mikono wewe mwenyewe, taratibu, na uisikilize. Wanaopiga kelele kando ya kamba hawajaishika. Ukikuta kitu pale, amini mikono kuliko kelele, hata kelele yangu.

Haya, lete mfuko ule tuanze kukata bandeji, mke wangu ametoa kitenge. Mungu akupe ngumi nzito na moyo mwepesi. Akuzeeshe ukiwa na meno yako yote, jambo ambalo mimi sikujaliwa. Na siku miguu yako itakapokataa, mwanangu, akuletee mtu uliyewahi kumshika.