Kitanda Alicholalia Mwami

Tulikuwa sita kwenye fleti ile ya Umbilo, Durban: mimi, mwanangu, mke wake anayesuka nywele mjini, Mrundi muuza simu aliyepanga kwetu nyuma ya pazia, Mwami, yaani mfalme wetu wa kule Kivu, na mshauri wake mvaa koti. Majina ya wote ninayo kichwani, hata ya babu zao, ila siyaandiki, wasije kunishtaki kwa padri.

Mwami alikuwa anaenda kusali kwenye monasteri moja ya zamani, nje ya Durban. Wakubwa wa kwetu walitaka alale hoteli ya pwani. Nikakataa. Kwetu, Mwami akilala kwako, asubuhi havuki kizingiti kabla hujamwomba kitu kimoja, naye hakatai. Na mimi nilikuwa nacho: shamba la marehemu mume wangu, ambalo mdogo wa Mwami alilizungushia ua akasema ni lake.

Basi nikampa kitanda changu. Nikapika fufu, sombe ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, na ndagala, dagaa wa kwetu. Mshauri akapiga makofi. "Tokeni wote. Mwami haonwi akila."

Tukajipanga kwenye korido. Jirani yetu, mama mmoja wa Kasai, akachungulia.

"Koko, bibi yangu, iko moto ndani?"

"Hapana. Iko mfalme anakula."

"Eish! Na ninyi?"

"Sisi tunakula harufu."

Tuliporudi, sufuria zilikuwa safi kuliko ninavyoziosha mimi.

Asubuhi nikamkuta Mwami kwenye godoro sakafuni, kitanda kimevunjika mguu.

"Mama, kitanda chako ni kizee," mshauri akasema.

"Kizee, ndiyo, lakini hakijazoea mtu wa sufuria mbili."

Mwami akacheka, akaelekea mlangoni. Mshauri, ambaye habari za shamba alizijua vizuri, akaniwahi: "Mama anaomba kitanda kipya. Amepewa. Twende!"

"Mama, kubali, tupate kitanda!" mwanangu naye akanong'ona, mjinga yule.

Nikasimama katikati ya mlango na mwiko wangu. "Sijaomba. Kilichovunjwa hakiombwi, kinalipwa. Ninachoomba ni shamba la mume wangu."

Mwami akamtazama mshauri, akatazama kile kitanda.

"Ni lako, Mama."

"On verra, tutaona," mshauri akanung'unika.

Tuliona kweli. Kabla ya mvua wifi yangu alipiga simu kutoka Kivu: ua umeng'olewa, ameshapanda maharagwe. Kitanda ndicho hakijaletwa mpaka leo.

Mliokuwa pale, nikiwa nimekosea mahali, nisahihisheni. Ila nani alivunja kitanda, hapo msijisumbue: mguu wa kitanda ninao, ndio ninaotwangia sombe.