Trekta Jekundu Kwenye Mteremko wa Shangazi Perisi

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, iko moja ambayo mpaka leo haijanitoka akilini: siku tuliyolipandisha trekta jekundu kwenye shamba la shangazi yangu, kaka yangu Yona akiwa ameshika usukani.

Kijiji chetu, upande huu wa Mpwapwa, kimekaa miguuni pa vilima. Chini kuna mbuga yenye udongo mweusi unaonata. Juu ni miteremko, udongo mwekundu na mawe. Mwaka ule kikundi chetu cha wakulima kiliamua kuachana na jembe la mkono na kuchukua trekta. Mvua zilikuwa zinabisha hodi. Kila alasiri mawingu yalijikusanya, kisha yakatawanyika, na kila yalipotawanyika watu walizidi kukosa subira. Si unajua kwetu Dodoma? Mvua ya kwanza ikikupita hujalima, umekwisha.

Basi akaja kijana aliyetumwa na muuzaji wa matrekta, na trekta kubwa, nyuma limebeba jembe zito kwelikweli la sahani, yale mabamba ya chuma ya mviringo yanayopindua udongo. Akalima ukingo wa uwanja wa mpira. Udongo uligeuka kama mkeka unaokunjwa. Tukapiga vigelegele.

"Kijiji cha pili nao wanalitaka," akasema. "Nawaomba jibu leo."

Mwenyekiti wa kikundi akauliza nani anaafiki. Mikono ikapanda, na wangu ukiwamo. Shangazi Perisi, dada yake baba, alibaki amekunja yake mapajani.

"Mbona hukunyoosha, shangazi?" nikamnong'oneza.

Akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Hapa uwanjani hata punda wangu analima vizuri. Shamba langu liko kule juu. Likalime kule, nami nitanyoosha yote miwili."

Manung'uniko yakaanza. Mwanamume mmoja akasema mama huyu atatukosesha msimu. Shangazi hakumkasirikia. "Mwanangu," akamwambia, "kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Mwenyekiti akaona aibu kumpinga mtu mzima mbele ya watu. Tukapanda wote mlimani. Yona ndiye aliyekuwa amechaguliwa kuwa dereva wetu, kwa hiyo akakaa yeye kwenye kiti. Kijana wa muuzaji akatembea kando.

Yona alianza kupanda, moja kwa moja, jembe likiwa limezama ardhini. Mwanzoni lilikwenda vizuri. Kisha sahani zikakwama kwenye jiwe, injini ikanguruma, na magurudumu ya mbele yakanyanyuka kidogo, yakarudi chini. Watu wakacheka. Yakanyanyuka tena. Safari hii hayakurudi.

Niliona mbingu chini ya matairi, mwanangu. Yona alikuwa anazungusha usukani kwa nguvu zote, lakini magurudumu ya mbele, yanayopindwa na usukani, yalikuwa hewani, hayashiki kitu. Trekta zima lilikuwa linainuka kama farasi, tayari kumwangukia.

"Klachi! Kanyaga klachi!" kijana akapiga kelele. Injini ikaimeza sauti yake.

Nikakimbia. Shangazi akanidaka kanga. "Usiende nyuma yake! Litakulalia!" Nikabaki palepale, nikamwita kaka yangu kwa Kigogo, kwa jina la utotoni aliloitwa na mama peke yake. Sijui sauti ile niliitoa wapi. Yona akageuka. Akamwona yule kijana anapiga mguu wa kushoto chini, anapiga, anapiga, kama mcheza ngoma. Akaelewa. Akakanyaga.

Sehemu ya mbele ikaanguka kwa kishindo kilichotikisa nyayo zetu. Jembe lililokuwa ardhini likalishika trekta lisirudi nyuma. Yona akafunga breki, akazima injini, akashuka, akakaa chini kwenye vumbi.

Yule kijana akalizunguka trekta, akalikagua mbele na nyuma. "Jembe hili ni zito mno kwa mteremko huu," akasema, "na mbele hakuna vyuma vya kuongeza uzito. Nilipaswa kuwauliza mashamba yenu yakoje. Nisameheni."

Nilidhani shangazi atamkaripia. Wapi! Alitugeukia sisi. "Huyu ni mgeni, halijui shamba langu. Ninyi mmezaliwa hapa. Mmenyoosha mikono huku mkiijua milima yenu. Nani basi angemwambia?"



Trekta lile likarudishwa kwa muuzaji. Wengine walitununia sisi jamaa wa shangazi, na mvua ya kwanza kweli ilitukuta hatujalima. Msimu ule tulishika jembe la mkono na mavuno ya uwele yakawa haba. Lakini Yona alikuwa hai, tukala naye hicho kidogo. Baadaye kijana akatuletea trekta dogo zaidi, lenye vyuma vya uzito mbele na jembe jepesi la kuchana udongo bila kuupindua. Tulilijaribu mbugani, tukalijaribu mlimani tukilima kwa kuukatiza mteremko, si kwa kuupanda, ndipo shangazi akanyoosha mikono miwili. Yona alikaa muda mrefu kabla ya kukubali kulipanda.

Sasa nasikia wewe na wenzako huko Hombolo mnatafuta trekta la mizabibu. Msianze na trekta, mwanangu. Anzeni na shamba. Pimeni nafasi kati ya mistari, maana trekta pana litawavunjia mizabibu. Shikeni udongo wenu mkononi, ukiwa mkavu na ukiwa umeloa. Jembe na trekta vilingane uzito kama ng'ombe wawili wa nira moja. Ulizeni vipuri vinapatikana wapi na fundi yuko umbali gani. Halafu lijaribiwe pale palipo pagumu, si pale panapopendeza. Akikuharakisha muuzaji, au hata mawingu, kumbuka wahenga walisema kawia ufike. Na mtu mmoja akikunja mikono wakati wote mmenyoosha, msimzomee. Mwulizeni ana nini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, akulindie watakaokaa kwenye kiti kile, na kila jioni warudi nyumbani kwa miguu yao wenyewe. Amina.