Maboga ya Eda

Mpaka leo watu wananiuliza kwa nini maboga yao yanaoza yangali madogo kama ndimu. Nawajibu haraka, maana swali lenyewe linanikera: mnachuma maua yote. Ua la kike lina kiboga kidogo nyuma yake. La kiume limesimama juu ya kikonyo kirefu, halina kitu. Mkiyamaliza ya kiume kwa ajili ya mboga, ule unga wake wa njano haufiki kwa majike, na viboga vinadondoka. Basi, ni hilo tu.

Mume wangu alifariki mvua zilipoanza, nikakaa eda kwa mama yake, Tabora mjini. Nilikuwa msichana tu, sijazaa. Enzi hizo unga tuliupangia foleni, na mjumbe wa nyumba kumi alipita kila ua kukagua kama tumepanda chakula. Mama mkwe alikuwa amepanda maboga kuanzia ukuta wa choo mpaka jikoni. Mwanamke wa eda hatoki, kwa hiyo dunia yangu ilikuwa chumba na ua ule. Treni ya Mwanza, ile inayopita kwetu Bukene, ilipopiga honi nilihesabu siku zilizobaki.

Viboga vikaanza kuoza. Sasa, sisi tunajua kwamba boga changa halinyooshewi kidole. Ukitaka kulionyesha, unakunja ngumi, la sivyo linaoza. Asubuhi moja mama mkwe akasimama mlangoni pangu.

"Mwanangu, umeyanyooshea kidole maboga yangu?"

"Hapana, mama."

"Mbona mwaka jana, kabla ya eda yako, yalikuwa mazima?"

Nilichukia. Kufiwa nifiwe mimi, na mkosi niwe mimi! Na wifi yangu alikuwa akichuma maua kila kukicha, anayapika na majani yake kwa karanga, tunakula wote na kujilamba vidole.

Nikamwomba aniachie ya kiume, akacheka. Basi nikawa naamka kabla yake, maua yakianza kufunguka. Nachuma la kiume moja, naling'oa majani yake ya njano, nalipitisha taratibu ndani ya yale ya kike, kama nilivyomwona mama yangu akifanya. Maji niliyamwaga shinani, si juu ya majani. Viboga vikakaza, vikanenepa.

"Huyu ana mkono," mama mkwe akawaambia majirani, nami nikafurahi kama mjinga. Wanawake wakaanza kuja na shida zao, huyu nyanya zinanyauka, yule bamia zimejaa wadudu. Nikawaambia wamwagilie asubuhi, wanyunyize majivu ya jikoni. Wao walikuja na kuondoka. Mimi nilibaki.

Eda ikaisha. Kaka yangu akaja kutoka Bukene kunichukua, kama alivyoahidi msibani. Kifurushi nilikuwa nimekifunga tangu alfajiri. Nilikaa nyuma ya pazia nikisikiliza.

"Mwanangu, mkono huu tumeshauzoea," mama mkwe alisema. "Mdogo wa marehemu yupo, atamwoa. Ukimchukua, ua huu utaulima wewe?"

Kaka akakohoa. "Na kwetu nako, mama, chakula ni cha shida."

Mambo yakaisha hapo. Hakuna aliyeniuliza. Nilitoka na kifurushi changu mkononi, kaka akawa anatazama viatu vyake.

"Mchagulie kaka yako boga zuri," mama mkwe akaniambia.

Nikamwonyesha lililo kubwa kuliko yote, kwa kidole kilichonyooka. Mama mkwe akashika kinywa. Kaka akaliweka begani, akaelekea stesheni. Nami nikazunguka ua mzima, nikiyanyooshea kidole yaliyobaki, makubwa na machanga, moja baada ya jingine, mpaka ukuta wa choo.

Halikuoza hata moja.