Mzee Aliyependwa na Alfajiri

Kutunga uongo kunataka nguvu, na nguvu zangu zote huishia kwenye ngazi za watu. Kwa hiyo nikikuambia kwamba jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Vällingby, magharibi ya Stockholm, niamini tu, turahisishiane kazi. Haikuwa ndoto wala homa. Nilikuwa nimevaa sare, simu ya kazini iko mfukoni, na nina dakika ishirini za kumaliza kwa kila mlango.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Manispaa hutupa orodha, nasi tunapita: huyu mpe dawa, huyu mvalishe soksi za kubana miguu, huyu mpikie uji, huyu msikilize tu. Ni mwaka wa tisa sasa, tangu tulipoletwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mimi na mume wangu Elia na binti yetu Neema. Kwetu ni Uvira. Mengine ya kwetu tuyaache, leo sina pumzi nayo.

Vuli ile Elia alikutwa na kansa ya kongosho. Daktari alikuwa mwanamke mpole. Alituambia kwa sauti ya chini kwamba majani ya mwaka unaofuata Elia hatayaona. Kesho yake nikarudi kazini. Ningefanya nini? Nikikaa nyumbani kumtazama, tunachoka wote wawili.

Wiki hiyo hiyo nikaongezewa mlango mpya, ghorofa ya nne, saa moja na nusu asubuhi. Mlangoni hapakuwa na jina. Kwenye maelezo yake, mahali pa tarehe ya kuzaliwa palikuwa patupu. Wewe unayeishi Sweden unajua maana yake. Nchi hii bila namba ya utambulisho, ile inayoanza na tarehe ya kuzaliwa, hata kung'olewa jino ni shida, na huyu mzee manispaa imempokea hivyo hivyo!

Nimeona wazee mimi. Nimemwogesha bibi wa miaka mia na mitatu. Lakini huyu alikuwa kitu kingine. Ngozi yake ilikauka ikawa rangi ya ganda la karanga, na mwili ulikuwa umepungua hata kitanda kikamzidi. Alilazwa ndani ya kikapu cha nguo, juu ya mto. Kilichobaki kizima ni sauti. Aliongea tangu nafungua mlango mpaka naufunga, kwa Kiswidi cha kigeni kama changu, ndiyo maana tulielewana vizuri. Alisema alizaliwa katika mji wenye kuta ndefu, upande wa Uturuki ya leo, na kwamba maadui walikuja na merikebu wakauchoma moto. Nikamwambia, pole babu, hata sisi tulichomewa. Nikamuuliza ilikuwa mwaka gani. Akacheka mpaka nikaogopa ataishiwa na pumzi. Hakuishiwa.

Siku ya tatu ndipo nilipomkuta mwanamke mmoja. Sikusikia mlango. Niligeuka kutoka jikoni na sahani ya uji, dirisha limeanza kuwa jekundu, naye amekwisha kaa karibu na kikapu. Ungemkisia miaka ishirini na mitano. Gauni la manjano, hana koti, hana viatu, na Oktoba ile nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyekundu kama za mtu aliyetoka kufua kwa maji ya moto. Alimgusa mzee kwenye paji la uso kwa kidole kimoja, huku anatazama ukuta.

Mimi kama mama nikaona uchungu. Nikamwambia, "Binti, babu yako anataka kushikwa mkono, siyo kuguswa hivyo."

"Siyo babu yangu," akajibu. "Ni mume wangu."

Nikamwekea mzee uji wake. Unafikiri ningesema nini? Mchana nikamsimulia mwenzangu wa kazini, Rehema wa Tanga, naye akacheka kahawa ikampalia. "Weye nawe! Mapenzi hayachagui. Muulize huyo babu alimpa nini, na mie nikampe mume wangu." Basi tukaishia kucheka. Lakini kila nilipokwenda, yule mwanamke alikuja wakati ule ule dirisha linapogeuka rangi, na akiondoka jua limetoka. Kadiri baridi ilivyozidi na jua likachelewa, ndivyo na saa ya mzee kwenye orodha yangu ilivyosogezwa mbele. Aliyeisogeza simjui mpaka leo.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwetu sisi, ukimhudumia mzee huondoki hivi hivi. Unainama, anakuwekea mkono kichwani, anakutamkia baraka. Wazungu nisingewaomba jambo hilo, wangenipeleka kwa daktari. Huyu nilimwomba siku ya pili tu, naye alilielewa bila kuelezwa. Tangu hapo, kila asubuhi nilipiga magoti mbele ya kikapu na ule mkono kama njiti ukanigusa. Nikitoka pale nilikuwa na nguvu ya kupanda ngazi nyingine.

Desemba ikafika. Elia hali tena ila supu, na usiku nausikia mgongo wake mwembamba. Asubuhi moja nikapiga magoti kama kawaida, nikasema, "Babu, leo usinibariki mimi. Mbariki mume wangu. Mtamkie miaka kama uliyopewa wewe."

Mzee aliuvuta mkono kama aliyeshika kaa la moto. Na kwa mara ya kwanza akanyamaza. Halafu akaanza kulia, kilio chembamba kisicho na machozi, maana maji yenyewe mwilini hayakuwemo.

"Usimwombe yeye," akasema mwanamke. "Niombe mimi. Mimi ndiye niliyempa."

Akanieleza wakati amesimama, kwa sauti ya mtu aliyekwisha choka kueleza. Alimwona alfajiri moja juu ya ukuta wa mji wao, kijana anaimba, akampenda, akamchukua. Wakapata mtoto wa kiume. Alikuwa mweusi kama wewe, akaniambia, akawa mfalme, akaenda kupigana vita vya watu wengine akauawa, na umande unaoukanyaga asubuhi ni machozi yangu kwake. Hapo nikakaa chini. Mtoto wa kiume kufia vita vya watu wengine, hilo kwetu halihitaji tafsiri. Kabla ya hayo yote alikuwa amekwenda kwa mkubwa wa miungu wao kumwomba kijana wake asife kamwe, akakubaliwa. "Nikasahau kuomba asizeeke," akasema. "Ni hivyo tu. Nilisahau."

Utaniuliza nilijuaje kwamba si kichaa. Nilitazama simu. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, na nje bado giza la usiku, hata ule wekundu wa dirishani ulikuwa umerudi nyuma. Kumbe ndiye alfajiri yenyewe, na alikuwa amechelewa kazini kwa sababu yangu! Na nani angeshtuka? Desemba hapa hakuna anayelitegemea jua.

"Niambie unachotaka kwa mume wako," akasema. "Kesho nitakuja kuchukua jibu."

Nilitoka pale nimevimba kichwa. Nilimdharau, Mungu anisamehe. Mungu mzima anasahau kitu kidogo kama hicho! Mimi nimejaza fomu za wakimbizi tangu kambini, na za Uhamiaji hapa Sweden. Najua kisanduku kimoja kikiachwa wazi, faili linarudi miezi minane. Mimi nisingesahau. Jioni nikachukua kalamu ya Neema nikaketi mezani, nikaandika: uhai, ujana, afya, akili timamu, meno, hamu ya kula, macho. Nikasoma mara tatu. Nikaongeza usingizi mzuri.

Elia, ambaye habari za mzee wa kikapu nilikwisha msimulia, alikuwa amelala kwenye kochi, akaniita. "Mama Neema, unaandika nini vile, kama mtoto ya masomo?"

Nikampa karatasi. Nikamwambia, kama kungekuwa na mtu wa kuombwa, ningeomba haya. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Akageuza karatasi kuangalia nyuma. Akaniuliza, "Na wewe uko wapi humu?"

Nilikuwa sijajiandika.

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Basi mimi nabakia kijana, wewe unazeeka, nakubeba ndani ya kikapu kama ule mzee yako. Halafu nakuzika. Nitaowa mwingine, bibi yangu, nakuambia mbele."

Nikachukua kalamu nijiongeze. Akanishika mkono. "Na Neema? Na batoto ya Neema? Karatasi haitatosha." Akafumba macho. "Niko nachoka, Mama Neema. Na wewe uko nachoka. Acha hiyo kitu, kuja ulale."

Nikaenda nikalala.

Asubuhi nikamwambia yule mwanamke hapana, asante, mume wangu alinishika mkono nilipotaka kuandika. Nilidhani atakasirika. Akanitazama, na nilichokiona usoni mwake kilikuwa wivu. Wivu kwangu mimi, mwenye sare ya manispaa na magoti mabovu! "Mimi sikuwa na mtu wa kunishika mkono," akasema. Kisha akaniambia yeye hatakuja tena pale, kwamba ana asubuhi ya dunia nzima ya kufungua, na kwamba mimi ndiye ninayejua kuhudumia. Akainua kikapu akaniwekea mikononi. Unaona mambo hayo? Hata miungu ikichoka, kazi inaangukia watu wa huduma ya nyumbani. Nilipoinua kichwa hayupo, na jua la Desemba linagusa kabati.

Kikapu kilikuwa chepesi mno. Nikafunua shuka. Juu ya mto palikuwa na mdudu wa rangi ya ganda la karanga, mrefu kama kidole gumba, mabawa makavu, na sauti ni ile ile ya mzee. Nyenje. Hapa Stockholm nyenje hawapo, muulize yeyote. Nilimtia ndani ya kopo la dawa tupu, nikampandisha treni pamoja nami. Kwenye simu ya kazini maelezo yake yalikwisha futika, na ofisini wakaniambia mlango ule haujawahi kuwa kwenye orodha yangu.

Elia alikufa mwezi wa pili, saa moja asubuhi, mkono wake ndani ya wangu, dirisha linaanza kuwa jekundu. Ardhi ilikuwa imeganda, makaburini walichimba kwa mashine. Watu wa kanisani walikuja na sufuria zao na mikeka yao, wakasema mimi ni mama shujaa, nimeyapokea mapenzi ya Mungu. Neema akaniambia kwa Kiswidi, ndivyo anavyonijibu siku hizi, kwamba hadithi ya mzee na mungu wa alfajiri ni ya Wagiriki wa kale, wameisoma darasani, na kwamba pengine niliisikia mahali nikachanganyikiwa kwa huzuni. Pengine. Lakini mdudu yuko jikoni nyuma ya friji, na usiku Neema anaziba masikio kwa mto kwa ajili yake. Hawezi kumkana.

Sasa nikuambie jambo ambalo mchungaji hajaambiwa, wala Neema. Mimi si shujaa, wala sikuwa na hekima. Karatasi ilikuwa na nafasi. Ningejiandika, ningemwandika Neema, ningegeuza upande wa pili nikaandika wajukuu ambao bado hawajazaliwa, na yule mwanamke angepeleka yote. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliitua kwa sababu nilichoka. Niliona mbele yangu asubuhi elfu na elfu, ngazi, soksi, uji, na mwili wangu ukasema hapana kabla ya moyo. Nilimpenda Elia, nilimpenda sana, na nilimwacha aende kwa uchovu. Kuna siku naona ndicho alichotaka. Kuna siku, katikati ya ngazi, nasimama nashika ukuta, nasema laiti ningepumzika siku kadhaa kwanza halafu niamue.

Kila alfajiri nyenje anaanza. Nampa jani la saladi na tone la maji, nakaa naye na kikombe changu. Anauliza kama mke wake amekuja. Namwambia, babu, amekuja, yuko dirishani, lakini ameshapita. Kisha ananiomba nimponde kwa kiatu. Nilijaribu mara moja, namwomba Mungu msamaha, niliinua kiatu nikakipiga kwa nguvu. Chini ya kiatu akaendelea kuimba.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiingia kwa mzee sana, mwombe baraka ya siku moja, usimwombe miaka yake. Usiombe kitu kikubwa umechoka, na usikikatae umechoka. Na Jumapili wanaponiwekea mikono kanisani wakisema, Mungu akupe maisha marefu Mama Neema, wenzangu wote wanajibu amina. Mimi midomo inakataa. Nafikiria lile kochi, nauliza moyoni: maisha marefu, sawa, lakini na nani?