Mgonjwa Niliyemwita Mvivu

Nilikuwa kijana wa Kanyenye, Tabora mjini, nimezoea taa za umeme na chai ya maziwa, nilipopelekwa kuwa mganga wa zahanati katika kijiji cha ujamaa mbele ya Sikonge. Kazi yangu moja niliipenda kupita kiasi: kumwandikia mgonjwa cheti cha kumruhusu asiende shamba la kijiji. Ukikosekana shambani bila cheti, jina lako lilisomwa mkutanoni. Wanakijiji wengi walinizidi umri, lakini wote waliniita daktari, nami nikavimba kichwa.

Mzee mmoja mrina asali alikuja mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kila mara na mke wake. Alisema tumbo linamchoma hapa, kwenye chembe cha moyo, hasa njaa ikimkuta shambani. Nikambonyeza. Hakushtuka.

"Sasa hivi linauma, mzee?"

"Sasa hivi hapana. Mama watoto hakubali nitoke bila uji. Nikila, linatulia kwa muda."

"Basi nenda kale," nikamwambia. Waliokaa kwenye benchi wakacheka, na mimi nikacheka kuwazidi.

Nilikwisha kuamua kwamba anaumwa jembe, kama wengi msimu ule wa kulima. Alipotaja na mgongo, nikampa aspirini apate kuniondokea. Kwenye cheti nikaandika: mzima. Mara ya tatu nilimwita mvivu mbele ya mkewe, eti kila saa nne anaacha wenzake wakilima, anakimbilia chungu nyumbani. Alitia vidonge kwenye mfuko wa shati akasema, "Ahsante, daktari."

Tangu siku hiyo hakurudi tena nyumbani kula. Alilima mpaka jua la utosi, tumboni hamna kitu ila aspirini, akizimeza kama nilivyomwagiza. Siku ya nne mkewe alikuja mbio: mumewe anatapika vitu vyeusi kama mashapo ya kahawa, na choo chake cheusi kama lami. Hapo hata mimi nilielewa. Tulimpakia kwenye lori lililokuwa limeleta mbolea ya tumbaku, nikampakata kichwa njia nzima hadi Tabora mjini.

Daktari aliyetupokea alikuwa mtu mpole. "Ni vidonda vya tumbo," alisema. "Haya maumivu yalikuwa yakitulia akila? Hukumwuliza?"

Nilimwuliza, na alinijibu vizuri. Dalili hiyo nilifundishwa darasani, mzee akaniletea mwenyewe mara tatu, nami nikaigeuza kichekesho. Habari ya aspirini sikuthubutu kuitaja. Daktari alizikuta kwenye mfuko wa shati la mzee, akaniuliza ni nani aliyempa mtu huyu dawa ya kumtafuna tumbo. Niliona aibu.

Mzee alipasuliwa, akapona. Wakati wa mavuno alikuja zahanati amekonda, nguo zinampwaya. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno ya kumwomba radhi, kwa hiyo nikaacha dawa nilizokuwa nikigawa, nikasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari," akaitikia. Kabla sijaongeza neno alipandisha shati mbele ya benchi lote, nione mshono, nisije nikadhani anadanganya.